Chemli kwenye Kipandio cha Tisa

Sisimizi ndio waliomfanya Inspekta Sekela Mwaisumo akate tiketi ya kwenda kuonja mvinyo, yeye ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuutia mdomoni isipokuwa lile tone la Meza ya Bwana.

Jalada la kifo cha Nikodemu Hokororo alikabidhiwa Alhamisi, baada ya mpelelezi aliyekuwa nalo kuhamishiwa mkoa mwingine. Lilikuwa jembamba. Mkuu wake alimwambia halina kazi: mtuhumiwa yuko mahabusu, amekiri kwa mdomo wake, Jumatatu apelekwe mahakamani. Sekela alikuwa amebakiza miezi saba astaafu. Miguu ilimvimba kila jioni, na mezani kwake palikuwa na majalada mengine kumi na moja. Angeweza kutia saini tu, akaenda zake nyumbani Goba kuloweka miguu. Lakini tangu ajiunge na jeshi alikuwa na mazoea ya kuviona vielelezo kwa macho yake, na aliposhuka stoo, mtunza vielelezo akamlalamikia kuhusu sisimizi. Wameingia kwenye mfuko wenye suruali ya marehemu. Amepuliza dawa mara mbili na bado wanarudi.

Suruali ilikuwa ya kaki, imekakamaa kuanzia magotini kwenda chini kwa doa jekundu lililokauka. Kwenye jalada doa hilo liliandikwa kuwa ni damu. Sekela alivaa glavu akaligusa. Kidole kikanata.

Alirudi mezani akalisoma jalada upya, neno kwa neno. Nikodemu alikuwa mtu wa Masasi aliyehamia Temeke, Mtoni, akiwa kijana. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mtunza mvinyo katika kiwanda cha zamani kwenye kisiwa cha Kidoko. Jumanne asubuhi, siku tisa kabla, alikutwa amekufa ndani ya shimo moja la kuumulia mvinyo, ana jeraha kichwani. Meneja wa kiwanda, Gaspar Ndunguru, alieleza kwamba shimo lilikuwa kavu tangu Aprili, kwamba marehemu alikuwa amelewa, na kwamba yeye mwenyewe siku ya Jumatatu alishinda kwake Tegeta. Mpishi wa kisiwani alieleza kuwa kabla hajaondoka na boti ya saa sita, alimsikia marehemu akigombana na mfanyakazi aitwaye Sebastian Mrope.

Sebastian mwenyewe alikuwa na sentensi moja tu: "Mimi ndiye niliyemuua." Akiulizwa alimuua vipi, ananyamaza. Fomu ya daktari ilionyesha ana michubuko mirefu chini ya kwapa zote mbili, imezunguka hadi mgongoni. Mpelelezi wa kwanza aliandika pembeni: *dalili za kupigana.*

Sekela alilifunga jalada. Watu wakipigana, alijiambia, hawakamatani kwapani. Na shimo kavu halilowanishi suruali hadi magotini.

Jumamosi saa moja asubuhi Koplo Ansbert Rwegoshora alimfuata Goba kwa gari lake dogo lenye kiyoyozi kibovu. Sekela alivaa dera la bluu na raba za kutembelea. Walikubaliana njiani kwamba watakuwa shangazi na mpwa wake, wametoka kupumzika kidogo kama watu wengine. Foleni ya Tegeta iliwashika dakika arobaini na tano. Sekela alifumba macho muda wote huo, na Ansbert hakumsemesha.

Boti ya fiba iliwachukua Kunduchi pamoja na watalii wengine kumi na wanne. Walikuwapo wafanyakazi wa ofisi moja waliovaa fulana za rangi moja, wazungu wanne, na bibi na bwana walioadhimisha mwaka wa kwanza wa ndoa. Baada ya dakika ishirini na tano wakashuka Kidoko, wakapokewa na binti aliyejifunga mtandio mweusi. Aliitwa Rukaiya, na ndiye aliyekuwa mtembeza wageni.

"Mie mwenyewe sinywi, dini yangu hairuhusu," aliwaambia, na watu wakacheka. "Lakini miaka minne nilifanya kazi na mtu aliyekuwa anaujua huu mvinyo kama mtoto wake. Nitawaambia alivyoniambia yeye."

Aliwapitisha kwenye jengo la mawe ya matumbawe, kuta zake nene kama mkono ulionyooshwa. Aliwaeleza kwamba mapadri wa zamani walichoka kungoja mvinyo wa misa kutoka Ulaya, uliokuwa ukifika umegeuka siki, wakaamua kuutengeneza wenyewe. Baadaye zabibu zikaanza kuja kwa treni kutoka Dodoma, kisha kwa jahazi hadi hapa. Mmoja wa wale wa fulana aliuliza kwa nini kisiwani. Rukaiya akajibu kwamba bara mapipa yalikuwa yanafunguliwa kabla ya Jumapili.

Kisha wakafika kwenye mlango wa ghala la chini. Ukutani, kwenye msumari, ilining'inia taa ya chemli. Rukaiya akaitungua, akaiwasha, akawatazama wageni bila kutabasamu tena.

Mvinyo ukiumuka, alisema, unatoa hewa nzito. Haionekani, wala huwezi kuinusa. Inatuama chini kama maji, na mtu akiizamia anazimia kabla hajamaliza kuita jina la mwenzake. Kwa hiyo mtunza mvinyo hashuki humu bila moto. Chemli ikizimika, unageuka, unapanda. Siku hizi mashimo ni makavu, hakuna hatari, lakini yeye bado anawasha, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa.

Sekela alishuka ameshika ukuta. Vipandio vilikuwa kumi na kimoja, vimelika katikati kwa nyayo za miaka mingi. Chini palikuwa na ubaridi mzuri, mapipa yamelala safu mbili, na mwanga hafifu ukiingia kwa matundu mawili ya juu. Sakafuni palichongwa mashimo matatu ndani ya mwamba, kila moja lina kina cha mtu mzima, na ngazi ya chuma ya kuteremkia.

Shimo la kwanza na la pili yalikuwa na weusi wa zamani. La tatu lilipakwa chokaa mpya, nyeupe, harufu yake bado inawasha pua. Rukaiya aliongea muda wote akiwa amelipa mgongo.

"Hili mbona jipya?" Sekela aliuliza kwa sauti ya mgeni tu.

"Meneja alilipaka mwenyewe, mama," Rukaiya alisema. "Juzi juzi."

Ansbert alijifanya anapiga picha. Aliinama, akamulika ndani kwa simu, na aliposimama alimpa Sekela ile simu aangalie. Chokaa ilikuwa imeanza kulowa kwa unyevu. Karibu na chini, kwenye kimo cha goti, mstari mwekundu ulikuwa umepenya na kuzunguka shimo lote.

Walipanda juu kwenye ukumbi wa kuonjea. Meza ndefu ya mninga ilikuwa imepangwa glasi, sahani za korosho na vipande vya mkate, na kila baada ya watu wanne kikawekwa kindoo cha udongo. Hapo ndipo Sekela alipomwona Gaspar Ndunguru kwa mara ya kwanza. Alikuwa mwanaume wa miaka hamsini hivi, mpole wa sauti, amevaa shati jeupe la mikono mirefu, na alizunguka akimimina mwenyewe kwa kila mgeni. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala.

Rukaiya aliwaelekeza. Uiangalie rangi kwanza. Uizungushe glasi, unuse, usikimbilie kunywa. Weka kidogo kwenye ulimi, usikilize unakwenda wapi: wa zabibu halisi unaanza mbele, unakauka pembeni, halafu unarudi nyuma taratibu. Ukishaonja, tema kwenye kindoo. Bwana mmoja wa fulana akasema kutema ni dhambi.

"Babu Niko alitema miaka thelathini na moja," Rukaiya alisema. "Hakuwahi kumeza hata siku moja. Alisema akimeza cha asubuhi, ulimi wa mchana utamdanganya."

Gaspar alikuwa amefika kwa Sekela. Alishika chupa kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika sufuria ya moto, na ilipoteleza akaidaka kwa kiganja na uso ukamkunja. Sekela aliona. Katikati ya viganja vyote viwili ulipita mchirizi wa ngozi mpya, laini, umekwenda mshazari kutoka kidole cha shahada hadi kwenye kifundo.

"Karibu Kidoko, mama," Gaspar alisema.

"Asante, baba."

Chupa ya tatu ndiyo ilikuwa fahari ya kiwanda. Lebo yake ilisema mvinyo umelala miaka minane ndani ya pipa. Sekela alifanya alivyoelekezwa, akasikiliza. Ulianzia mbele, ukabaki hapo hapo, mtamu, haukwenda popote. Akatema. Ansbert alikuwa amemeza chake, akawa analisugua paji la uso.

"Shangazi, hii ni sukari," alinong'ona. "Kwetu Kamachumu bibi akikosa ndizi za kutosha anaongezea sukari kwenye pombe. Kichwa kinauma hivi hivi, upande mmoja."

Wageni walipotawanyika ufukweni kungoja samaki wa kuchoma, Sekela alimkuta Rukaiya nyuma ya jengo akiosha glasi. Alimwonyesha kitambulisho chake. Binti aliendelea kuosha glasi ile ile kwa muda mrefu.

"Asubuhi ile ya Jumanne ulifika wa kwanza?"

"Nilifika na boti ya saa mbili."

"Chemli ilikuwa wapi?"

Rukaiya aliweka glasi chini. "Kwenye ngazi za ghalani."

"Kipandio cha ngapi?"

"Cha tisa. Navihesabu kila siku nikishusha watu."

"Imeanguka?"

"Hapana. Imesimama wima. Imesogezwa ukutani kabisa, kama mtu aliyeogopa mwenzie asijikwae."

"Inawaka?"

"Imezima. Na mafuta yapo, nusu nzima."

"Kwa nini hukusema?"

"Waliniuliza kama alikuwa mlevi, na kama aligombana na Seba. Chemli hawakuiuliza." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Niliirudisha kwenye msumari wake. Yeye hakupenda vitu vikae ovyo."

Sekela alimwuliza swali moja la mwisho, kama Jumatatu ile kulikuwa na boti nyingine kisiwani baada ya ile ya saa sita. Rukaiya alisema boti ndogo ya meneja haikuonekana Kunduchi kutwa nzima. Yeye anaishi jirani na gati, Jumatatu hapokei wageni, na huwa anaiona imefungwa hapo meneja akiwa bara.

Sekela alikwenda kukaa kwenye benchi la mawe barazani, akavua raba. Vifundo vya miguu vilikuwa vimekwisha kufura. Ansbert alikuja akakaa pembeni yake, na wakalipanga jambo kipande kwa kipande, kwa sauti ya chini.

"Mlevi hasimamishi taa pembeni," Sekela alisema. "Aliyesukumwa pia hasimamishi."

"Ilizimikia pale kwenye kipandio cha tisa," Ansbert alisema. "Kwa hiyo hewa ilishajaa hadi pale. Na alijua maana yake."

"Alijua kuliko mtu yeyote humu kisiwani. Moto ukizimika unageuka, unapanda. Yeye aliiweka chini akaendelea kushuka. Mtu anaweka taa chini akitaka nini?"

Ansbert alifikiri kidogo. "Akitaka mikono miwili."

"Ya kunyanyulia nini?"

Sekela alimkumbusha ile fomu ya daktari: michubuko chini ya kwapa, imezunguka hadi mgongoni. Hiyo ni kamba. Sebastian alifungwa kamba, akavutwa juu. Aliyemfunga alikuwa chini, ndani ya shimo, na mvinyo wa sukari ukimfika magotini. Sasa, Sebastian ni mtu wa kilo tisini. Aliye chini hawezi kuwa ndiye anayevuta juu.

"Kwa hiyo walikuwa watatu," Ansbert alisema.

"Walikuwa watatu."

Hawakusubiri samaki. Walimkuta Gaspar ukumbini, peke yake, akikusanya vindoo vya udongo. Sekela alijitambulisha, akamtambulisha na koplo, akamwomba akae. Alimwonya kwa mujibu wa sheria kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Ansbert alitoa daftari. Gaspar alikaa ameweka mikono chini ya meza.

"Weka mikono juu, tafadhali. Viganja juu."

Aliiweka. Sekela aliitazama kwa muda.

"Nini kilikuunguza?"

"Sufuria, afande. Nyumbani."

"Sufuria inaunguza panaposhikwa. Hapa umeunguzwa mshazari, mikono yote, sawasawa. Hii ni kamba iliyopita ikiwa na mzigo mzito."

Gaspar alisema labda ni kamba ya boti, hakumbuki vizuri. Sekela hakubishana naye. Alimweleza, bila kupandisha sauti, mambo aliyokuwa nayo: suruali inayonata, mstari mwekundu chini ya chokaa, boti ndogo ambayo haikuonekana Kunduchi Jumatatu, chemli iliyosimamishwa. Alimweleza kwamba siku hiyo hiyo angemwita mtaalamu aje achukue sampuli ukutani na kwenye chupa za lebo ya miaka minane. Halafu akamwambia kwamba kuna jambo moja tu asilolijua, na angependa kulisikia kwake.

"Ulipomvuta Sebastian akatoka, kamba ilikuwa wapi?"

Nje, wale wa fulana walikuwa wakipiga picha ya pamoja, mtu anawahesabia moja mbili tatu.

"Mkononi," Gaspar alisema.

Baada ya hapo hakuhitaji kuulizwa sana. Ansbert aliandika kurasa sita. Kiwanda kilikuwa na wageni wengi kuliko mvinyo, na wenye mali wanataka chupa za kale kila wiki. Tangu Mei yeye na Sebastian walikuwa wanaumua sukari na zabibu kavu kwenye shimo la tatu, wamelifunika kwa mbao, Nikodemu akidhani ni kavu. Jumatatu ile mzee alikuwa ghalani juu, akasikia harufu ya hamira, akamkuta Sebastian, wakagombana. Mzee alisema atawaandikia barua wenye kiwanda, akatoka. Gaspar, aliyekuwa kisiwani tangu Jumapili, alimwambia Sebastian waumwage wote haraka kabla barua haijaandikwa. Bomba la kutolea likaziba. Sebastian akateremka shimoni kulizibua, na hakupanda.

Gaspar alipiga kelele. Mzee alikuja na chemli yake. Iliposhuka kwenye kipandio cha tisa ikafa. Alitazama shimoni, akamwambia Gaspar alete kamba, akaiweka taa pembeni.

"Alisema neno lolote?" Sekela aliuliza.

"Alisema, 'Nikikwambia vuta, vuta. Usinisubiri niseme mara ya pili.'"

"Alisema vuta?"

"Alisema mara moja."

Gaspar alivuta. Alimburuta Sebastian hadi juu kwenye hewa, Sebastian akaanza kutapika, na yeye akaketi kando yake, kamba mkononi, hakuirudisha shimoni. Sekela alimuuliza alikaa muda gani. Alisema hajui. Sekela akamuuliza tena, kwa utulivu ule ule. Akasema labda dakika kumi. Labda robo saa. Alikuwa anaogopa kushuka. Alisikia ngazi ya chuma ya shimoni ikigongwa mara moja, kisha hakusikia kitu.

"Na ulipopata nguvu, ulifanya nini?"

"Nilizibua bomba kwa mti, nikiwa nimesimama juu. Nikamwaga. Usiku nikaosha shimo."

"Yeye akiwa humo humo."

Gaspar aliinamisha kichwa. Chokaa aliipaka baadaye, polisi walipokwisha kuondoka na maiti.

"Na Sebastian? Kwa nini anasema ameua yeye?"

Ndilo lililomchukua Gaspar muda mrefu zaidi kulijibu. Sebastian alipopata fahamu hakukumbuka kitu, wala hakujua aliyemtoa. Gaspar alimwambia kwamba ni yeye, Sebastian, aliyemuua mzee. Kwamba asingeshuka, mzee angekuwa hai. Alimwambia kwamba akisema habari ya sukari wataozea wote jela, lakini akikaa kimya itaonekana ni ugomvi tu wa kazini. Sebastian aliamini lile la kwanza. La pili hakulijali.

Sekela alichukua daftari, akasoma maelezo yote kwa sauti, akampa asaini. Gaspar alishika kalamu kwa ncha za vidole. Boti ya saa tisa iliwarudisha Kunduchi wote watatu, wamekaa nyuma na injini, na wale walioadhimisha ndoa walikuwa wamelala, kila mmoja begani kwa mwenziwe.

Sebastian aliletwa kwenye chumba cha mahojiano saa kumi na moja. Sekela alimsomea maelezo ya Gaspar pole pole. Alipofika kwenye kamba, Sebastian alijishika chini ya kwapa zake, mkono mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta kitu alichokipoteza. Hakulia. Aliomba asomewe tena pale mzee aliposema vuta, na Sekela akamsomea. Kisha alimwambia kwamba Jumatatu atapelekwa mbele ya hakimu, shauri la kuua liondolewe, na la sukari atalijibu kama wengine.

Jumapili baada ya ibada Ansbert alimpeleka Sekela Mtoni. Walipita vichochoro viwili kwa miguu hadi kwenye nyumba yenye vinyago visivyomalizika vimeegemezwa barazani. Baba yake Nikodemu alikuwa mchongaji, na mdogo wake bado anachonga. Mjane, Filomena, alikuwa uani anapepeta mchele. Ansbert alimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua uso. Aliwaonyesha viti, akasema kwamba polisi wote waliokuja walitaka kujua mume wake alikuwa anakunywa kiasi gani, na kama nao wamekuja kwa hilo, yeye amechoka.

"Hatukuja kwa hilo, dada," Sekela alisema.

Alimsimulia yote. Filomena aliacha kupepeta mahali fulani katikati, ungo ukabaki magotini. Majirani waliokuwa wakisuka nywele pale uani waliingia ndani mmoja mmoja, wakawaacha. Sekela alimaliza, akangoja. Alikuwa amepeleka habari kwenye nyumba nyingi kwa miaka thelathini na tano, na hakuwahi kuzoea kungoja huku.

"Alijua?" Filomena aliuliza. "Alipoiweka ile taa?"

"Alijua."

"Na Seba siku hiyo hiyo alikuwa ametoka kumtukana."

"Ndiyo."

"Na mie hakunifikiria." Alisema bila ukali, kama anayesoma tarehe. "Miaka thelathini na minne. Hakusimama hata kidogo pale kwenye ngazi akasema, je, Filo."

Filomena aliinuka, akaingia jikoni. Walisikia mifuniko ikigongana, maji yakimwagwa. Alipotoka alikuwa na hotipoti ya bluu, ameifunga kwa kanga. Ilikuwa ya moto. Sekela aliisikia hata kupitia kitambaa.

"Wali na dagaa," Filomena alisema. "Huko kwenu wanawapa nini, maharage tu. Nilimwona Seba siku mnamchukua, alikuwa amekonda."

"Nitamfikishia leo hii."

"Asije hapa. Mwambie sitaki kumwona, bado sitaki." Aliukaza mkono wake juu ya fundo la kanga, kisha akauachia. "Lakini ale."